Askofu wa Kwenye Kitenge

Uso wa Padri Albert ulikuwa umetoka vizuri mno kwenye kitambaa, hilo hakuna aliyelipinga. Ulikuwa kifuani, ulikuwa mgongoni, ulikuwa tumboni kwa Armelle ambako ulinenepa kidogo, na kwa kuwa fundi hakufikiria sana alipokuwa akikata, ulikuwa pia pale mtu anapokalia. Kichwani kofia ya kiaskofu, mkononi fimbo ya uchungaji, na maandishi yamemzunguka: Mhashamu Albert, Askofu wa Kalimbo, Lisha Kondoo Zangu. Papa alikuwa bado hajasema neno. Lakini kina mama wa Mtakatifu Anna, parokia ya Thornton Heath huko London, walikuwa wameshasema, wameshaagiza, wameshashona, na Jumamosi ile asubuhi walikuwa wameshavaa.

Msiwacheke mapema. Mtu wa mashariki ya Kongo anaelewa jambo hili. Askofu anaposimikwa, jimbo zima linavaa uso wake, na aliyechelewa kuagiza kitenge anabaki kusimama pembeni na gauni lake la maua, watu wakimuuliza kama siku hizi amehamia kwa Wapentekoste. Kwa hiyo mtu huwahi. Shida ya kina mama hawa ni kwamba waliwahi kupita kiasi.

Wala hawakujitungia. Waliambiwa. Gires, binamu yao aliyekuwa Roma akisomea sheria za Kanisa, alimpigia simu Marie-Claire akinong'ona utadhani yuko kwenye kiti cha kitubio. "Balozi wa Papa amemwita Albert Kinshasa. Peke yake. Mimi sijasema kitu, lakini mwenye akili aanze kutafuta vitambaa." Marie-Claire alikuwa dada wa Padri Albert, tumbo moja, ziwa moja. Hakuhitaji kunong'onezwa mara ya pili. Na kweli, nani mwingine? Albert ndiye aliyekuwa akisimamia jimbo tangu Askofu Evodius auawe. Albert alikuwa mtoto wa Kalimbo, mwenye lugha za Kalimbo, na vilima vya Kalimbo alivijua hata gizani. Marie-Claire alikata simu, akapiga kigelegele kimoja pale pale jikoni, kisha akampigia Armelle, mwenyekiti wa kina mama. Na Armelle, nakwambia, siri haikai kwake hata chai ikachemka.

Basi ikaanza novena, sala ya siku tisa, ikaisha, ikaanza nyingine. Walisali kila jioni nyumbani kwa Marie-Claire, kwenye fleti ya juu ya duka la nywele pale barabarani, kwa sababu mama yake hakuweza kushuka ngazi. Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, maana bila Mama Nsimire hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Mama Nsimire alikuja London kumtembelea binti yake muda mfupi baada ya msiba wa askofu, na moyo ukamkatalia kurudi. Daktari alikuwa mkweli. Alisema moyo umechoka, hauna tena nguvu ya kuvumilia mshtuko, mama asipewe habari za ghafla. Marie-Claire, ambaye kazi yake ni kuogesha na kulisha wazee wa watu wengine huko Croydon, alijua maneno ya namna hiyo yana maana gani. Tangu siku hiyo alitembea na roho mkononi.

Na kila asubuhi, kabla ya uji, kabla ya dawa, mama aliuliza swali lile lile. "Wamemtaja?"

"Bado, mama."

Mama alikuwa akishusha pumzi, akifumba macho, akikubali kijiko cha kwanza. Marie-Claire aliwaambia wenzake wote, machozi yakimlengalenga, kwamba mama anaishi kwa ajili ya jambo hilo tu. Anangoja kusikia mwanawe amekuwa askofu, ndipo aende kwa amani. Alipomletea kitenge chake, mama alikikunja uso ukiwa kwa ndani, akasema mniwekee, sitakivaa sasa. Kina mama wakatazamana wakajua anajiwekea cha kuzikiwa. Armelle alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Ndiyo hiyo Jumamosi. Gires alikuwa amenong'ona tena: ni leo, Roma ikifika saa sita mchana. London ingekuwa saa tano. Marie-Claire alimwacha mama kitini na jirani wa ghorofa ya chini, akambusu kipajini, akamwambia, "Leo, mama. Leo wanamtaja." Mama alimshika mkono kwa nguvu ambayo Marie-Claire hakujua kama bado anayo.

Jikoni kwenye ukumbi wa parokia sombe, yaani kisamvu, ilikuwa ikichemka kwenye sufuria mbili, mbuzi aliyetoka buchani kwa Nizar alikuwa ameshaiva, na kina mama kumi na kadhaa walikuwa wameizunguka simu ya Armelle iliyoegemezwa kwenye debe la mafuta. Njeri naye alikuwapo. Njeri ni Mkenya, muuguzi, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya misa ya Kiswahili, rafiki wa Marie-Claire wa siku nyingi. Kitenge alikuwa amekivaa, lakini kwa shingo upande.

"Si mngengoja tu atangazwe?" alikuwa amewauliza siku ya kupima nguo.

"Ninyi Wakenya mambo ya Kongo muyaache," Armelle alimjibu, na habari ikaishia hapo.

Kengele ya kanisa haikulia, hakuna malaika aliyepita. Armelle alivuta ukurasa chini kwa kidole, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya misa. "Baba Mtakatifu amemteua kuwa Askofu wa Jimbo la Kalimbo, Mheshimiwa Padri..."

"Soma!" walisema wote.

"Mheshimiwa Padri Aristote," alisema Armelle.

"Aristote nani?"

"Aristote. Wanasema mwalimu wa seminari. Kisangani."

Sombe ilianza kushika chini na hakuna aliyekwenda kuikoroga. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Umesoma la jimbo lingine." Mwingine akasema hiyo ni feki, siku hizi watu wanatengeneza hata Papa, wamtafute mtu anayejua Kiitaliano. Armelle alifunga ukurasa akaufungua upya, akaufunga, akaufungua, na kila ulipofunguka alikuwa ni Aristote yule yule, na picha yake sasa, mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa anayetazama pembeni. Na wao wako pale, Alberti thelathini na zaidi, mbele na nyuma, wote wamevaa kofia.

"Yesu na Maria!" Armelle alipiga kelele, na kelele hiyo ndiyo iliyofungulia bomba. Mmoja aliketi sakafuni na kanga yake. Mwingine alivua kilemba akakitupa. Kisangani! Mtu wa mto na samaki, atafanya nini milimani? Kwani Kalimbo hakuna mapadri? Lugha yetu ataongea na nani? Wametudharau, wametutemea mate, tumemzika shahidi wetu halafu wanatuletea mgeni! Gires alipigiwa simu na watu wanne kwa mpigo, naye Gires, mtoto wa watu, alikuwa ameshazima.

Marie-Claire hakulia. Aliduwaa, mkono umeshika mwiko, macho yamemtoka. Alikuwa haoni Kisangani wala Roma. Alikuwa anamwona mama yake kitini, amekaa kwenye dirisha, anasubiri. Mimi ndiye niliyemwambia leo, alijisemea. Mimi kwa mdomo wangu. Nikirudi na hili nitakuwa nimemuua.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Albert.

"Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "hebu niambie. Kwa nini watu wananitumia picha ya makalio ya mtu yenye uso wangu?"

"Albert! Wamekunyima!"

"Wameninyima nini? Mimi nilikuambia lini kwamba ni mimi?"

"Balozi alikuita Kinshasa!"

"Aliniita aniulize mambo. Aliyoniuliza siruhusiwi kuyasema, hata leo, hata kwako. Lakini kuulizwa ni kuulizwa, Yaya. Mngenipigia hata mara moja mkaniuliza na mimi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mama ameshaambiwa? Mwambie upesi. Usimcheleweshe, unasikia? Kwa sababu mama ndiye..."

Mtandao ukakatika, kama kawaida ya mtandao wa Kalimbo, na Marie-Claire alipopiga tena alipata mlio mtupu. Mwambie upesi! Anajikaza tu, alisema moyoni, mwanamume amepigwa mbele ya dunia nzima na anajikaza. Yeye hajui alichosema daktari. Yeye hayuko hapa.

Armelle ndiye aliyelitoa wazo. Alilitoa akiwa bado anapenga kamasi, na alilitoa kwa moyo mweupe, lazima tumpe haki yake. "Tumwimbie," alisema.

"Tumwimbie nini?"

"Kama ilivyopangwa. Tunapanda na nguo zetu, tunaimba, tunapiga vigelegele, tunamwambia mwanao ni askofu. Mama hasomi mitandao. Hatoki nje. Albert mwenyewe hawezi kufika hapa kukanusha. Ana muda gani tena, Marie-Claire? Aende amefurahi."

Njeri aliweka chini kijiko. "Aki nyinyi. Mnataka kumdanganya mgonjwa?"

"Kumdanganya kwa wema."

"Mnacheza na moyo wa mtu mgonjwa. Mimi simo."

"Basi njoo bila kuimba," alisema Marie-Claire. "Njoo na mashine yako ya presha. Njeri, nakuomba. Mimi siwezi kumwambia ukweli. Siwezi. Sina mdomo huo."

Njeri akaenda kuchukua mkoba wake, akakunja uso, akawafuata.

Ule mwendo, jamani, kutoka ukumbini mpaka kwenye fleti! Mvua ilikuwa imekatika na barabara imejaa watu wa Jumamosi, na wao wanapita mstari mmoja na yule askofu asiye askofu amewaenea mwili mzima. Wengine walifunga makoti mpaka shingoni, lakini nyuma makoti hayakufika. Nizar mwuza nyama, mtu wa Mombasa, ambaye tangu juzi alikuwa ameambiwa mbuzi ni wa nini, alitoka mlangoni kwake na aproni yake.

"Hongereni, kina mama! Ameshatoka askofu wetu?"

"Ametoka," alisema Armelle bila kusimama.

"Mashaallah! Na huyu ndiye kwenye nguo? Ana sura ya upole." Akawapungia mkono mpaka walipokata kona. Marie-Claire alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale mbele ya kituo cha basi.

Kwenye ngazi walifuta machozi, wakapakana poda, wakajitia hamnazo. Armelle aliinua mkono. Moja, mbili, na kina mama wa Mtakatifu Anna wakaingia sebuleni wakiimba kwamba Kalimbo imepata mchungaji, wakayumba kushoto, wakayumba kulia, sahani zikigongwa na vijiko. Jirani wa chini alipiga makofi, akaaga, akaondoka.

Mama Nsimire alikuwa kitini karibu na dirisha, shali mabegani. Hakuwatazama waimbaji. Alimtazama binti yake.

"Wamemtaja?"

"Wamemtaja, mama," alisema Marie-Claire. "Mwanao ni askofu."

Vigelegele vilipasua dari. Na Mama Nsimire, ambaye kwa miezi alikuwa hasimami bila kushikwa mikono miwili, alisimama. Alisimama peke yake, shali ikaanguka, akaiweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akalia.

"Mama weee! Mwanangu weee!"

Wajinga wale, Mungu awasamehe, walidhani ni furaha. Waliongeza vigelegele. Ilimbidi Njeri apige kelele nyamazeni kwa sauti yake yote ya kwanza, na ndipo waliposikia mama alichokuwa akilia. Hicho hakikuwa kilio cha furaha. Kila mwanamke mle ndani alikuwa ameshawahi kukisikia kilio kile, mbele ya nyumba ya mtu, kwenye mkeka, maiti ikiwa ndani.

"Mmemuua!" alisema mama. "Mmemuua mtoto wangu na mnaniletea nyimbo! Alberti wangu, nilikukataza! Nilikukataza, mwanangu!"

Marie-Claire na Njeri walimdaka akianguka, wakamrudisha kitini. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, pumzi inakuja vipande vipande. Njeri alikuwa anamfunga mashine mkononi huku akisema polepole, mama, vuta pumzi, polepole. Marie-Claire alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mama mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Si yeye! Mama, nisikilize, si yeye! Si Albert!"

"Unasema nini?"

"Tumekudanganya. Hawakumtaja. Wamemtaja mtu mwingine. Niliogopa, mama, niliogopa utakufa ukisikia wamemnyima, ndiyo maana..." Hakuweza kumaliza. Alikuwa analia kama mtoto aliyevunja chungu.

Mama hakumwamini. Ungeamini wewe? Aliwapitisha macho wote, uso mmoja baada ya mwingine, na yale mavazi, mpaka akafika kwa Njeri aliyechuchumaa na mpira wa mashine mkononi.

"Weye muuguzi," alisema. "Weye hukuimba. Nilikuona. Sema ukweli."

"Si yeye, mama," alisema Njeri. "Albert ni padri tu, vile alikuwa jana. Aki ya Mungu."

Mama Nsimire alifumba macho. Marie-Claire alikuwa anatazama ule upande wa shingo ambapo mshipa unapiga, unapiga, unaruka, unapiga. Kisha yule mama akaachia pumzi ndefu, akasema, "Aksanti. Aksanti, Mungu wangu. Aksanti." Machozi yalimtoka mengi bila sauti. Mashine ya Njeri ilisema namba, na Njeri akaitikia kwa kichwa taratibu kwamba sawa, inashuka.

Armelle hakuweza kujizuia, yeye ni Armelle. "Lakini mama! Novena zote zile! Ulisali pamoja nasi kila jioni!"

"Nilisali," alisema mama. "Nani aliwaambia nilikuwa ninaomba mnachoomba ninyi?"

Wakati mwingine wangecheka. Waliketi mmoja mmoja, wengine kwenye kochi, wengine kwenye zulia, wameikalia sura ya Albert bila kujali.

"Ninyi Askofu Evodius mnamjua kwa picha," mama alisema baadaye, alipokwisha kunywa maji. "Mmemwekea mshumaa, mnamwita shahidi wetu. Vizuri. Mimi nilimwosha. Walipomleta kutoka kule barabarani walikomuua akitoka kuwapa watoto kipaimara, daktari aliyekuwapo alikuwa amekimbia, na masista walikuwa wawili tu, wasichana. Wakaniita. Ile nguo ya zambarau ilikuwa imegandamana na mwili. Tuliikata kwa mkasi wa jikoni. Na mama yake alikuwa amekaa mlangoni, nje. Hawakumruhusu kuingia. Kila nikitoka kumwaga maji ananiuliza, Nsimire, amelala vizuri? Mnamwekea mto? Namwambia ndiyo, amelala vizuri. Nilimwaga maji yale mbele ya miguu yake na nikamwambia amelala vizuri."

Marie-Claire alisikiliza akiwa bado amepiga magoti. Dawa zote za mama yake alizijua, za asubuhi na za jioni. Alijua upande anaolalia, alijua chumvi anayotaka kwenye uji. Miaka miwili alikuwa akimwogesha mwili huo, na kila asubuhi mama alikuwa akimuuliza kama mwanawe amehukumiwa kifo, naye alikuwa akimjibu bado kwa tabasamu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umefurahi sana," alisema mama. "Na watu wanasema nini juu ya mama anayemwomba Mungu mtoto wake asipewe heshima? Nilimwambia Albert peke yake. Nikamwambia wakikuuliza, kataa. Akaniambia hawajaniuliza, mama. Sikumwamini. Mapadri wana siri zao."

Simu ya Marie-Claire ilianza kulia tena, Albert, na mama akanyoosha mkono akaomba apewe. Hakusema mengi. Alisema, "Alberti? Umekula?" na akasikiliza jibu lote, akicheka kidogo, akijifuta macho kwa pindo la shali. Wale kina mama waligeuzia nyuso ukutani. Alipomaliza alirudisha simu na uso wake ulikuwa umelegea, umepata damu, wala Marie-Claire hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mama yake hivyo. Aliomba chakula. Aliomba sombe! Mmoja akakimbia ukumbini kuifuata, hivyo hivyo ilivyoungua.

Na Armelle naye, kwa kuona hali imetulia, akarudia wimbo wake. "Afadhali, mama. Mungu anajua. Tena huyo waliyetuletea, wamchukue tu. Mgeni, mtu wa Kisangani huko, hata hatumjui ni mtoto wa nani. Aristote sijui nini. Acha yeye ndiye aende kwenye barabara ile..."

"Ana mama?" aliuliza Mama Nsimire.

Armelle aliwageukia wenzake.

"Huyo Aristote. Nimeuliza. Ana mama?"

Hakuna aliyejua. Tangu saa tano walikuwa wamemchambua yule mwanamume, masikio yake, kabila lake, lugha asizozijua, na hakuna aliyejiuliza hilo. Ni Njeri aliyetoa simu yake polepole. "Kuna video," alisema. "Wameituma kwa grupu ya kwaya sasa hivi. Nafikiri ni mamake."

Alipiga magoti kando ya kiti akaishika simu ili mama aone. Wengine walisogea nyuma ya kiti, Marie-Claire katikati. Ulikuwa uwanja wa nyumba ya udongo, jua kali, majirani wamejaa mpaka kwenye ua. Mwanamke mzee, mwembamba, mwenye masikio makubwa, alikuwa katikati anacheza. Kandambili moja ilikuwa imemtoka na hakujua. Vijana walikuwa wanammwagia poda kichwani, kama wanavyommwagia mtu aliyefaulu mtihani, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa poda, na alikuwa anaita jina la mwanawe kuelekea mbinguni, mikono yote miwili juu, meno yake machache yote nje.

Mama Nsimire alitazama mpaka ikaisha. Akaonyesha kwa kidole ianze tena. Ilianza tena, yule mwanamke akacheza tena, kandambili ikamtoka tena.

Armelle ndiye aliyevunjika kwanza. Alishika mdomo kwa kiganja. "Mama," alisema, "tumtafutie namba yake? Umwambie kitu?"

Mama Nsimire hakuondoa macho kwenye simu.

"Kesho," alisema. "Leo mwacheni acheze."